29 Oktoba 1995 na 29 Oktoba 2025: miaka 30, tarehe ile ile, na mimi sijui nicheke au ninune

Kihamba Juu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Mimi ni wa Moshi, nina kiduka cha spea karibu na soko la Mbuyuni. Krismasi nilipanda kijijini Vunjo kama ilivyo ada yetu, na safari hii nikapewa kazi ya kupanga vitu vya marehemu babu. Ndani ya sanduku la bati, chini ya koti lake la kanisani, nikakuta daftari. Panya wamekula kona moja, lakini maandishi yanasomeka. Ni matokeo ya uchaguzi wa 1995, jimbo kwa jimbo, kama yalivyokuwa yanasomwa Radio Tanzania. Tatizo la kwanza la babu lilikuwa herufi: Mkapa ni M, Mrema ni M. Kwa hiyo safu moja kaiandika "Mk" na nyingine "Mr". Profesa Lipumba na Cheyo kawabana pamoja kwenye safu nyembamba pembeni, juu yake kaandika "wengine".

Ndipo nikaona tarehe ya ukurasa wa kwanza. 29/10/95.

Nikakaa chini pale pale kwenye gunia. Tumetoka kwenye 29 Oktoba nyingine juzi tu, na sikuwa nimeziunganisha kichwani.

Vijana humu hamuwezi kujua ile ya kwanza ilikuwaje, acha niwape kidogo. Kabla ya hapo rais alikuwa mmoja kwenye karatasi, unamwambia Ndiyo au Hapana. Wabunge walikuwa wawili, mmoja jembe mwingine nyumba, wote wa chama kile kile. Tume ya Jaji Nyalali ilipozunguka nchi mwaka 1991, kama asilimia 80 ya waliotoa maoni walisema tubaki na chama kimoja. Tume ikapendekeza vingi hata hivyo, na 1992 vyama vikaruhusiwa. Mimi 1995 nilikuwa na miaka 20. Sijawahi kupiga kura, na baba yangu, mwenye hamsini na ushee, hajawahi kupiga kura ya kuchagua kati ya marais wawili. Tulikuwa wanafunzi wa darasa moja, mimi na baba.

Na mfukoni kulikuwa na kitu. 1994 baridi kali ilichoma mikahawa ya Brazil, bei ikapaa dunia nzima, na msimu ule ule serikali ikawaruhusu wanunuzi binafsi waingie vijijini. Kabla ya hapo ni chama cha msingi na KNCU, ushirika wetu wa kahawa, unapeleka gunia unasubiri malipo ya pili mpaka unasahau. Sasa mtu anakuja na mizani yake hadi mgombani na pesa taslimu. Watu wa kihamba wenye hela na mdomo uliofunguka, halafu katikati ya hayo anatokea Lyatonga.

Sijui nimwelezeje Mrema kwa mtu ambaye hakumwona. Waziri wa Mambo ya Ndani, Naibu Waziri Mkuu, cheo ambacho hata kwenye katiba hakikuwepo. "Nakupa siku saba!" Bibi yangu hakujua NCCR-Mageuzi ni kitu gani, alijua ni chama cha yule anayewakamata wanaume waliotelekeza wake zao. Kwake hiyo ilani ilitosha. Mrema alipotoka CCM mwanzoni mwa 1995, huku kwetu ilikuwa kama harusi. Watu walikuwa wanazima gari lake na kulisukuma kwa mikono. Mimi nilisukuma. Barabara ya kutoka Himo, vumbi, jasho, nyimbo, kila mtu anataka kugusa bati tu. Nilirudi Majengo na kandambili moja ya kushoto, na nikaingia nayo nyumbani nimeinua kifua.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili. Tulipanga foleni shule ya msingi tangu alfajiri, shahada mkononi, bibi na kigoda chake. Nyuma yetu alikuwepo mzee mmoja, CCM damu, kofia ya kijani. Kulipokucha akafungua kifurushi cha ndizi za kuchoma akatugawia, mimi wa Mrema na yeye wa Mkapa, na akamwambia bibi kwa Kichaga kitu ambacho kwa Kiswahili ni hivi: leo hata Mungu anasubiri redio.

Hicho ndicho ninachotaka kusema kwenye uzi huu wote, wakuu. Hakuna aliyejua. Yule mzee mwenye chama chenye dola hakujua. Mimi niliyepiga kelele barabarani sikujua. Tumbo lilikuwa linaniuma kwa kutojua.

Tukashindwa. Mkapa asilimia 61.8, Mrema 27.8, Lipumba 6.4, Cheyo 4.0. Na haikuwa haraka: Dar es Salaam vifaa vilivurugika, majimbo saba yakafutwa, wakarudia 19 Novemba, Mkapa akaapishwa 23 Novemba. Siku 25. Babu alinunua betri za redio mara mbili, na daftari linaonyesha: kuna mahali wino unabadilika kutoka bluu kuwa nyekundu, bairo iliisha akachukua ya mjukuu aliyekuwa anasoma.

Sasa njooni 2025. Jumatano, saa tatu asubuhi, nikaenda kituoni. Mbele yangu kulikuwa na watu wanne. Nimewahesabu kwa sababu hapakuwa na kingine cha kufanya. Binti yangu ana miaka 22, alikataa kwenda. Aliniuliza akiwa anaosha vyombo, hata hakugeuka: "Baba, unaenda kuchagua nini?" Chadema walishatolewa tangu Aprili kwa kutosaini kanuni za maadili, Lissu alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini, Mpina, mgombea wa ACT, kaenguliwa. Nikamjibu naenda kwa sababu bibi yako mkuu alienda na kigoda. Jibu la kijinga, najua.

Siku hiyo vijana wakaandamana, na kabla jua halijazama intaneti ikakatika. Wenye jamaa Arusha wakawa wanapiga simu za kawaida, sauti za chini chini. Dar wakawekewa amri ya kutotoka usiku. Tukarudi kwenye redio, kama babu. Jumamosi tarehe 1 Novemba ikasomwa: Mama Samia, asilimia 97.66. Jumatatu kiapo Dodoma. Siku tano toka kura mpaka kiapo. Betri hazikupungua hata kidogo.

Na hapa ndipo roho yangu inapogawanyika, maana mimi si mtu wa kumchukia Mama. 19 Machi 2021 nilimwita binti yangu aache daftari la hesabu aje aone mwanamke anaapa kuwa rais wa Tanzania. Januari 2023 mikutano ya hadhara iliyofungwa tangu 2016 ilipofunguliwa, nilisema huyu anaweza kutuvusha. Mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuwa rais wa nchi hii, hilo ni jambo la kihistoria, na nilitaka niliingize moyoni kama jambo la kihistoria. Nilitaka ashinde kwa 58 nikiwa nimenuna, nimpe mkono. Nimenyimwa hata kununa.

Tieni neno.

Mpita Njia

Umeandika gazeti mkuu. Nimesoma lote. Niko hapa nimekaa.

Karani Mstaafu

Mtoa mada, nakuheshimu, ila usitulishe asali isiyo na nyuki. 1995 nilikuwa karani wa kituo Dar. Masanduku yalifika jua linaelekea kuzama, karatasi za ubunge zipo, za urais pungufu, wino haupo. Watu walikaa juani tangu saa kumi na mbili asubuhi, akina mama wajawazito, mmoja akaniambia "mwanangu kama hamtaki tupige kura semeni tukapike". Tulifungua kituo tunawasha kandili. Hilo nililiona kwa macho yangu, na ndiyo maana yakafutwa majimbo saba. Wapinzani wakasema basi mfute nchi nzima, hawakusikilizwa, wakasusia ya marudio.

Na Zanzibar je? Wiki moja kabla, tarehe 22, Dk. Salmin Amour asilimia 50.2, Maalim Seif 49.8. CUF, chama cha Maalim, hawakuyakubali na visiwa vikakaa na donda miaka. Kwa hiyo huko kutojua unakokusifia, kwingine kulikuwa ni vurugu tu iliyovaa nguo ya kutojua.

Kihamba Juu

Karani, sina ubishi. Umenigusa kwenye "semeni tukapike". Sisi wa mlimani tulipiga kura vizuri, na mtu akila vizuri kwake hudhani nchi nzima imeshiba. Naomba nipunguze sukari. Lakini hata wewe umesema mlifungua kituo na kandili usiku, na watu walikuwa bado wapo. 2025 masanduku yalifika mapema kabisa.

Karani Mstaafu

Hapo sawa. Walikuwepo. Mpaka leo najiuliza walikuwa wanasubiri nini.

Chalii wa Ngarenaro

Oya wazee, shikamooni. Mimi nimezaliwa 2002 Arusha, naendesha boda. Naomba niseme ukweli bila kumkosea mtu adabu.

Nyie mnatuambia foleni, ndizi, kandambili. Poa. Lakini mlipomaliza kusukuma gari mlifanya nini? Mrema kagombana na Marando, mwenzake wa NCCR, chama kikapasuka, 1999 kahamia chama cha TLP na nyie mkahama naye. Urais wa 2000 hata asilimia 8 hakufikisha. 2016 akapewa uenyekiti wa Bodi ya Parole na serikali ile ile. Mungu amrehemu, alifariki 2022, simsemi vibaya. Nawasema nyie. Halafu 2015 mkatuletea mwingine. Nilikuwa darasa la sita, tunazungusha mikono kama refa wa kubadilisha mchezaji, "mabadilikoo", bro wangu kachora Lowassa kwenye ukuta wa choo. Chadema, chama kile kile kilichomsoma kwenye orodha ya mafisadi pale Mwembeyanga 2007, kikampokea Julai 2015 na kumpa bendera. Dk. Slaa, katibu mkuu wao, akaondoka zake. Asilimia 39.97, kura milioni sita na kitu. Machi 2019 mzee karudi CCM, na mabango yenu mmefunikia kuni.

Kaskazini mnapenda mtu. Mtu akihama mnabaki mnashika bati. Sisi tuliotoka tarehe 29 hatukuwa na mtu. Hakuna gari la kusukuma. Ndiyo maana hamkutuelewa.

Mpita Njia

"Mnabaki mnashika bati." Dogo kaua.

Mama Sanawari

Nami niseme. Mimi ni mwana CCM, kadi yangu ya tangu 1987, sijifichi. Arusha hii tulikunywa maji ya floridi hadi watoto wetu wana meno ya kahawia, mnajua wenyewe tunavyotaniwa tukifika Dar. Mradi wa maji wa bilioni 520 umekuja, bomba langu linatoa maji ambayo sikuyapata miaka ishirini. Kura yangu nilimpa Mama kwa roho nyeupe, na ningempa yeye hata kama Lissu angekuwepo kwenye karatasi, na hata Slaa, na hata malaika. Nilitaka nimchague MBELE ya wengine. Mnaelewa? Umenunua kanga nzuri halafu unaambiwa ilikuwa peke yake dukani.

Lakini chalii, usiniambie sikuwaelewa. Usiku wa tarehe 29 mtoto wa dada yangu hakurudi. Simu haipatikani, intaneti hakuna, nje milio. Nilikaa kwenye ngazi na tochi. Alirudi asubuhi ya tarehe 31, kajificha kwenye gereji ya watu, na sijamuuliza alikuwa anafanya nini na yeye hajasema. Amekula ugali akalala. Wapo mama ambao wa kwao hawakurudi, na idadi kila mtu anataja yake. Tume ya Jaji Chande Othman iliundwa Novemba 2025 kuchunguza. Tarehe 9 Desemba sherehe za Uhuru zilifutwa, nikaona afadhali, maana ningevaa sare niende wapi?

Kwenye kikao cha shina sisemi haya. Nayasema hapa.

Chalii wa Ngarenaro

Mama, shikamoo tena. Nisamehe. Msalimie huyo mwana.

Msemakweli wa Usa

Mnajadili moyo sana, ngoja nilete karatasi. Ibara ya 41(7) ya Katiba yetu inasema Tume ikishamtangaza mtu kuwa rais, hakuna mahakama itakayochunguza. Jambo moja la kuchekesha ni kwamba Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iko hapa hapa Arusha, barabara ya Dodoma. Ukitoka Kisongo na daladala unaipita. Julai 2020 mahakama hiyo ilisema ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika, irekebishwe. 2013 ilikuwa imesema hivyo hivyo kuhusu mgombea binafsi, kesi ya Mchungaji Mtikila. Badala ya kurekebisha, Novemba 2019 serikali ilitangaza kujitoa kwenye lile tamko linalomruhusu mwananchi kwenda pale moja kwa moja. Nyumba tumewapa, kiwanja tumewapa, wageni wa Afrika nzima wanakuja kushtaki Arusha, na sisi wenye mji mlango umefungwa.

Rasimu ya katiba mpya ya Jaji Warioba ilikuwepo. Desemba 2013 kakabidhi, 2014 Bunge la Katiba likainyofoa, kura ya maoni ya Aprili 2015 ikaahirishwa mpaka leo. Kwa hiyo chalii ana haki kusema wazee walipenda mtu, ila hata wasingempenda mtu, mlango ni ule ule.

Kihamba Juu

Msemakweli, asante kwa karatasi. Chalii, nimeisoma yako mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti, na binti yangu akasikia akacheka kicheko ambacho sikukipenda.

Nakubali kuhusu Mrema. Mwaka 1997, 98, wale waliokuwa wanagombania NCCR nilikuwa nawasikia redioni kama nasikia majirani wanapigana, napunguza sauti. Sikuwahi kwenda kwenye kikao hata kimoja cha tawi. Sikuwahi kulipa ada. Dukani kwangu mteja akileta gari limesukumwa kutoka Kiborloni, sijawahi kumsifu kwa misuli, namuuliza betri au plagi? Lyatonga sikumuuliza.

Ila nitetee kidogo mji wangu. Moshi Mjini ilikaa na mbunge wa upinzani kuanzia 1995 mpaka 2020, miaka 25, na mzee Ndesamburo alishinda mara tatu kuanzia 2000 bila kupigiwa debe na rais yeyote. Alipofariki 2017 mji ulisimama. Hiyo haikuwa bati tu. Kulikuwa na mikono inayojua kuhesabu kura na kulinda masanduku usiku kucha na chai ya tangawizi, na wengi wao walikuwa akina mama wa mitumba. Mwaka 2020 hiyo mikono iliambiwa iende ikalale.

Kuhusu mbele, sijui, na safari hii kutojua hakuna utamu. 2030 nitakuwa na miaka 55. Kama kuna katiba mpya kabla ya hapo nitapanga foleni. Kama hakuna, nitamwambia binti anipe hoja moja ya kwenda, maana mimi za kwangu zimeisha, ile ya kigoda ilikuwa ya mwisho.

Mama Sanawari

Utaenda. Nakujua mtu wa aina yako. Utaenda.

Mpita Njia

Mkuu, hilo daftari tupigie picha basi. Si uongo huo?

Kihamba Juu

Nitapiga nikipanda tena, sanduku liko bado kijijini, bibi mdogo hataki litoke nyumbani. Na karatasi zimekauka, ukifungua vibaya zinavunjika.

Chalii wa Ngarenaro

Mzee swali moja tu. Hapo Vunjo kwenyewe, kwa Mrema, babu kaandika ngapi? Nataka kuona mlimpa asilimia gani nyumbani kwake.

Kihamba Juu

Nilijua mtu ataniuliza. Nililitafuta jimbo letu kwanza kabla ya yote.

Kwenye mstari wa Vunjo babu hakuandika namba yoyote. Safu ya Mk kaacha wazi. Safu ya Mr kaandika neno moja, kwa herufi kubwa kuliko zote za ukurasa: "WETU".